Maswali ya Wasomaji: Celtic na Rangers, Nani Kamfunga Nani Kwenye Fainali?

Barua za mikoa ya kusini safari hii zimeelemea upande mmoja: vikombe vya Scotland na mahasimu wawili wa jiji la Glasgow, Celtic na Rangers. Tumechagua sita, na tumeanza na ile inayobeba nyingine zote.

SWALI: Habari za kazi, ndugu wahariri. Hapa Mikindani tuna banda la mpira, na ubishi wetu wa jioni ni mmoja tu. Wapo wanaosema Celtic imeifunga Rangers mara nyingi zaidi kwenye fainali, wengine wanaapa ni Rangers. Kila upande una kijana na simu yake, na kila simu inatoa jibu tofauti. Tukate ubishi vipi?
*Msomaji, Mikindani*

JIBU: Simu zote mbili zinasema kweli, ila kila moja inahesabu kombe lake. Scotland ina makombe mawili makubwa ya mtoano. La kwanza ni Kombe la Scotland, lililoanza msimu wa 1873/74, na fainali yake siku hizi huchezwa Mei. La pili ni Kombe la Ligi, lililoanza 1946/47. Fainali ya hili la pili imehamahama sana: imewahi kuchezwa Oktoba, Februari, Machi na Desemba.

Kwenye Kombe la Scotland wamekutana fainali 16. Celtic imeshinda 8: 1899, 1904, 1969, 1971, 1977, 1980, 1989 na 2024. Rangers imeshinda 7: 1894, 1928, 1963, 1966, 1973, 1999 na 2002. Iliyobaki ni ya 1909, haina mshindi, na tutaifikia hapo chini.

Kwenye Kombe la Ligi wamekutana fainali 17, na hapa Rangers ndiyo iko mbele kwa 9: 1964, 1970, 1975, 1978, 1984, 1986, 1990, 2003 na 2011. Celtic ina 8: 1957, 1965, 1966, 1982, 2009, 2019, 2023 na 2024. Sasa jumlisheni makombe yote mawili: 16 kwa 16. Hesabu hii inaishia fainali ya Kombe la Ligi ya tarehe 15 Desemba 2024.

Mkitaka kuiweka ubaoni, chora safu nne: kombe, tarehe kamili, matokeo, na namna mshindi alivyopatikana (dakika 90, dakika za nyongeza, matuta, au mechi ya marudio). Tarehe kamili ni ya lazima. Vijana wengi wanakosea kwa sababu orodha moja inaandika msimu na nyingine inaandika mwaka. Fainali ya Kombe la Ligi ya Februari 2023, Celtic ikiifunga Rangers 2-1, ni ya msimu wa 2022/23. Desemba ya mwaka huohuo ikachezwa fainali nyingine ya kombe hilohilo, Rangers ikaifunga Aberdeen 1-0. Anayeandika "2023" peke yake ana fainali mbili mkononi na hajui anazungumzia ipi. Mwaka 1984 una mtego uleule: Machi Rangers iliifunga Celtic 3-2, Ally McCoist akifunga yote matatu, halafu Oktoba Rangers ikachukua tena kwa kuifunga Dundee United.

Kosa la pili ni mechi za marudio. Zamani fainali ikiisha sare ilirudiwa siku nyingine. Kati ya fainali zile 16 za Kombe la Scotland, nne zilirudiwa: 1909, 1963, 1966 na 1971. Fainali ni 16, mechi ni 20. Mwenye kuhesabu mechi akibishana na mwenye kuhesabu fainali, hawatapatana hata wakikesha.

La tatu ni nusu fainali kuhesabiwa kama kombe. Aprili 2016 Rangers, ikiwa bado daraja la pili, iliitoa Celtic kwa matuta 5-4 baada ya sare ya 2-2. Ushindi ule unakumbukwa sana, lakini ulikuwa wa nusu fainali, na kwenye fainali Rangers ilifungwa na Hibernian 3-2. Kombe lilikwenda Edinburgh.

Na msichanganye Kombe la Glasgow wala Kombe la Drybrough. Rangers iliifunga Celtic 3-1 kwenye fainali ya Drybrough mwaka 1979, ni kweli kabisa, lakini lilikuwa kombe dogo la kabla ya msimu. Lipeni ubao wake.

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 1909 kombe lilikosa mwenyewe. Inawezekanaje fainali ichezwe na kombe libaki kabatini?
*Msomaji, Lindi mjini*

JIBU: Ilichezwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa sare. Tarehe 10 Aprili 1909 ubao ulisomeka 2-2. Wiki moja baadaye, tarehe 17, wakatoka 1-1. Celtic ilikuwa imelichukua kombe 1907 na 1908, kwa hiyo ilikuwa inawania la tatu mfululizo, na watu walijaa uwanja wa Hampden, Glasgow.

Kipenga cha mwisho kilipolia, mashabiki walitegemea dakika za nyongeza. Baadhi ya wachezaji nao walibaki uwanjani, jambo lililowapa watu matumaini zaidi. Lakini kanuni ya mashindano ilikuwa wazi: dakika za nyongeza zingechezwa endapo tu ingefika mechi ya tatu. Wachezaji wakaingia vyumbani. Umma ukaelewa kwamba utatakiwa kulipa kiingilio kwa mara ya tatu, na minong'ono kwamba sare zile zilipangwa ili klabu zivune fedha za milangoni ilikuwa imeshaenea. Watu wakaingia uwanjani. Waling'oa milingoti ya magoli, wakavichoma moto vibanda vya kukatia tiketi, na wazima moto walipofika, mipira yao ya maji ikakatwa. Polisi na raia wengi walijeruhiwa.

Jambo ambalo masimulizi mengi hulipotosha ni hili: siku ile mashabiki wa Celtic na wa Rangers hawakupigana wao kwa wao. Walikuwa upande mmoja, dhidi ya polisi na wenye uwanja. Klabu zote mbili ziliomba fainali isichezwe tena, na Chama cha Soka cha Scotland kikaamua kulizuia kombe pamoja na medali. Ubaoni andikeni "1909: halikutolewa". Msiandike sare, maana sare ni ya mechi na hapa tunahesabu makombe.

SWALI: Shikamooni. Kipigo kikubwa kuliko vyote kwenye fainali kati yao ni kipi? Na ni kweli Alex Ferguson wa Manchester United aliwahi kucheza fainali hizi?
*Mwanafunzi, Masasi*

JIBU: Marahaba. Kipigo kikubwa ni 7-1, Celtic dhidi ya Rangers, fainali ya Kombe la Ligi, tarehe 19 Oktoba 1957. Hadi mapumziko ilikuwa 2-0 tu, kwa mabao ya Sammy Wilson na Neil Mochan. Mvua ya mabao ilinyesha kipindi cha pili. Billy McPhail alifunga matatu, Mochan akaongeza la pili lake, na Willie Fernie akamalizia kwa penalti. La Rangers lilifungwa na Billy Simpson.

Udhaifu ulikuwa katikati ya ulinzi wa Rangers. Nahodha wao wa miaka mingi, beki wa kati George Young, alikuwa amestaafu mwaka huohuo, na nafasi yake siku ile alikuwa John Valentine, mgeni kikosini. McPhail alikuwa hodari wa mipira ya juu, na kila mpira mrefu uliokwenda pale ulikuwa hatari. Wakati ule hakukuwa na kubadilisha wachezaji. Beki akizidiwa, anazidiwa hadi dakika ya 90.

Kwenye Kombe la Scotland kipigo kikubwa ni 4-0, na kila mmoja amempa mwenzake mara moja. Rangers ilitangulia mwaka 1928, mbele ya watazamaji 118,115. Rangers ilikuwa haijalichukua kombe hilo tangu 1903, miaka 25, na kipindi cha kwanza kilikwisha bila bao. Kisha Willie McStay wa Celtic akauzuia kwa mkono mpira uliokuwa unaingia golini. Penalti. Nahodha Davie Meiklejohn akauchukua mpira mwenyewe, akafunga, na baada ya hapo Celtic haikuinuka tena: Bob McPhail moja, Sandy Archibald mawili. (Huyu Bob wa Rangers na yule Billy wa Celtic ni watu wawili tofauti. Kwenye ubao andikeni jina la kwanza.)

Ferguson sasa. Ndiyo, alicheza fainali ya 26 Aprili 1969, akiwa mshambuliaji wa Rangers, mbele ya watu 132,870. Celtic ikapata kona dakika za mwanzo kabisa. Kazi aliyopewa Ferguson kwenye kona ilikuwa kumkaba Billy McNeill, nahodha wa Celtic, bingwa wa vichwa. McNeill aliruka akiwa huru, akapiga kichwa, ikawa 1-0 dakika ya pili. Kabla ya mapumziko Bobby Lennox na George Connelly walishafikisha 3-0. Bao la Connelly lingefaa kuonyeshwa kwa kila kipa anayejifunza: kipa wa Rangers alianzisha mpira kwa pasi fupi kwa John Greig, Connelly akamnyang'anya Greig, akampiga chenga kipa, akafunga golini pakiwa wazi. Steve Chalmers akaweka la nne.

Ferguson alibebeshwa lawama za lile bao la kwanza. Hakuichezea tena timu ya kwanza ya Rangers, na mwaka huohuo akahamia Falkirk. Kwa maoni yetu lawama zile zilipita kiasi, maana bao la tatu lilitokana na uzembe mkubwa zaidi, na yeye hakuhusika nalo.

SWALI: Kwa nini viwanja vya Scotland haviuzi bia kwa mashabiki wa kawaida, wakati Uingereza wanauza?
*Msomaji, Ruangwa*

JIBU: Chanzo ni fainali ya Kombe la Scotland ya tarehe 10 Mei 1980. Dakika 90 zilikwisha bila bao. Kwenye nyongeza Danny McGrain wa Celtic akapiga shuti, George McCluskey akaubadilisha mwelekeo kwa mguu, ikawa 1-0. Mwisho wa mechi vijana wa Celtic waliruka uzio kwenda kushangilia na wachezaji, wale wa Rangers nao wakaingia kutoka upande wa pili, na Hampden ikageuka uwanja wa vita. Chupa na makopo vilirushwa hadi polisi wa farasi walipoingia kuwatawanya. Askari wengi walikuwa wamepangwa nje ya uwanja, kwa sababu vurugu zilitarajiwa mitaani, hivyo ndani walikuwa wachache.

Mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyopiga marufuku pombe viwanjani. Tofauti na 1909, hii ilikuwa vita ya mashabiki kwa mashabiki.

SWALI: Rangers ilifilisika 2012. Vikombe vya zamani bado vyake?
*Msomaji, Nachingwea*

JIBU: Kampuni iliyokuwa inaiendesha klabu ndiyo iliyofilisiwa, na timu ikaanza upya daraja la nne. Wasimamizi wa ligi wanaihesabu kuwa klabu ileile, na hesabu yetu inafuata kumbukumbu zao. Mashabiki wengi wa Celtic hawakubali. Mkiamua kuwafuata, chora mstari mwaka 2012 na hesabuni pande zote mbili kuanzia hapo. Msifute za mmoja mkaacha za mwingine.

SWALI: Nina kibanda cha kuonyesha mpira. Fainali hizi huanza saa ngapi kwetu, na nijiandae na nini?
*Mwenye banda, Newala*

JIBU: Wao huanza mara nyingi saa tisa alasiri kwa saa zao, lakini tofauti yetu nao inabadilika. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tunawatangulia kwa saa mbili; miezi mingine kwa saa tatu. Fainali ya Mei ikianza saa tisa kwao, kwako ni saa kumi na moja jioni, na adhana ya magharibi itakuta watu wapo mapumziko au ndiyo kwanza kipindi cha pili kinaanza. Fainali ya Desemba ni saa kumi na mbili jioni, na magharibi inaangukia mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Waandikie wateja saa ya hapa kwenye tangazo, maana wengi husoma saa ya kule mtandaoni wakafika saa mbili au tatu kabla mpira haujaanza.

Kiingilio na mafuta ya jenereta vipigie hesabu ya saa tatu. Fainali 6 kati ya zile 17 za Kombe la Ligi zilivuka dakika 90: 1978, 1984, 1990, 2009, 2011 na 2024. Ile ya 2024 ilikuwa 3-3 hadi dakika ya 90, nyongeza hazikutoa bao, Celtic ikashinda matuta 5-4 baada ya kipa wake Kasper Schmeichel kuupangua mkwaju wa Ridvan Yilmaz wa Rangers. Wenye mikeka nao waambie mapema: dau la kawaida la mshindi husomwa kwa dakika 90, kwa hiyo mechi ile kwenye mkeka ni sare, ingawa kombe lilikwenda Celtic.