Msumeno wa meno wa Helikoprioni ulikaa wapi, na ulikataje?

SWALI: Assalaam alaikum mtaalamu. Mimi ni fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu. Mwanangu amerudi kutoka shule na picha ya jiwe lenye meno yaliyojikunja mfano wa msumeno wa duara, naye ameambiwa kuwa ni meno ya papa wa kale. Naomba kujua kama msumeno huo ulikuwa ukizunguka, kama samaki huyo ndiye mzee wa papa upanga, na kama mabaki yake yanaweza kupatikana katika mawe ya kwetu.

JIBU: Wa alaikum salaam, fundi. Msumeno huo haukuzunguka, wala haukuwa na namna ya kuzunguka. Mwenyewe anaitwa Helikoprioni, jina alilopewa mwaka 1899 na mwanajiolojia wa Urusi, Alexander Karpinsky, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya msumeno uliojiviringa, alipokuwa akichunguza visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, vya milima ya Urali. Aliishi baharini katika kipindi cha Permi, yapata miaka milioni 290 hadi 270 iliyopita, kabla dunia haijaona dinosauri, na ni wa kundi la samaki wa gegedu, yaani wenye kiunzi laini badala ya mifupa migumu, liitwalo eujeneodonti, ambalo lilitoweka lote mwanzoni mwa kipindi kilichofuata, cha Triasi.

Ugumu wa kuwajua samaki hawa unatokana na hilo gegedu. Chukua jahazi lililozama zamani sana, mbao zake zikaliwa zote, ikabaki misumari mchangani, kisha uletewe misumari hiyo uambiwe uchore jahazi zima. Wataalamu walikuwa katika hali hiyo hiyo, kwa kuwa gegedu huoza upesi na meno ndiyo hudumu. Karpinsky aliuchora msumeno ukichomoza puani na kujikunja kuelekea juu. Wengine baadaye wakaupeleka kwenye pezi la mgongoni au hata mkiani. Siwalaumu, kwani walichokuwa nacho mkononi ni meno matupu.

Jambo hilo lilitatuliwa na jiwe lililopatikana mwaka 1950 katika mgodi wa fosfeti huko Idaho, Marekani, ambalo ndani yake, pamoja na meno, kulikuwa na vipande vya gegedu la taya. Mwaka 2013 mtaalamu wa visukuku Leif Tapanila na wenzake walichapisha matokeo ya kulipiga jiwe hilo eksirei tabaka kwa tabaka, bila kulivunja, wakaonyesha kwamba msumeno ulikaa katikati ya taya la chini, ukalijaza kwa urefu wake, huku taya la juu likiwa halina meno. Msumeno wa jiwe hilo una upana wa sentimita 23 hivi na meno 117.

Naomba hapa uniangalie vizuri, maana ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe. Papa unaowaona wakishushwa bandarini hudondosha meno yaliyochakaa, na mapya husogea mbele kuchukua nafasi, lakini Helikoprioni hakudondosha hata moja. Jino jipya liliota upande wa kooni, likubwa kuliko lililotangulia, na yale ya zamani yakasukumwa mbele, yakashuka na kuzama ndani ya taya, yakajiviringa humo. Kwa hiyo ukilitazama jiwe hilo unatazama umri wa samaki mzima, kama ilivyo kwa gamba la kome: meno madogo ya katikati ni ya utoto wake, na makubwa ya ukingoni ni ya siku zake za mwisho. Yaliyofanya kazi ni yale ya sehemu ya juu tu.

Kuhusu kukata, msumeno ulishikamana na taya na kwenda nalo. Mdomo ulipofungwa, meno yalipanda yakielekea nyuma kwa mzingo, ya mbele yakinasa windo na yanayofuata yakilichana na kulisukuma kooni. Kwa kuwa meno hayo hayana dalili nyingi za kulika, inaelekea chakula chake kilikuwa laini, wanyama wa jamaa ya ngisi. Angekuwa anatafuna makombe, ncha zake zingesagika.

Papa upanga si mjukuu wake. Yeye ni wa jamaa ya samaki taa, na upanga wake ni pua iliyorefuka, ambayo meno yake ya pembeni ni magamba yaliyogeuka umbo, hali meno ya kulia chakula yako mdomoni, chini yake. Helikoprioni, kwa jinsi taya lake la juu lilivyoungana na fuvu, yuko karibu zaidi na khimaira, samaki wenye macho makubwa na mkia mwembamba ambao wengi wao huishi kwenye vilindi. Ndiyo maana mimi simwiti papa, na ningefurahi mwanao akimweleza hivyo mwalimu wake, kwa adabu.

Katika mawe ya Lamu hutampata. Mawe mnayochonga kwa ujenzi ni matumbawe ya kale ambayo umri wake huhesabiwa kwa maelfu na malaki ya miaka, ilhali Helikoprioni anataka jiwe la bahari la mamilioni mia kadhaa. Humo utaona kome, makombe na matumbawe yenyewe, na jamaa za viumbe hao bado wako hai katika maji yaliyo mbele ya karakana yako.