Ripoti ipi ya siri, ipi ya kuombwa

Dada wa Wete, umeuliza habari ya nduguyo aliye jeshi la Marekani: kaomba ripoti ya kosa alilofanyiwa kwenye matibabu, akaambiwa "ripoti ni siri". Hakudanganywa, ila kaambiwa nusu. Kosa likitokea hospitali ya jeshi huko, huweza kufunguliwa uchunguzi wa aina mbili. Ule wa ubora wa matibabu sheria imeufunga ili madaktari waseme bila woga. Hata akilia hapewi. Wa kiutawala, unaoamriwa na mkuu wa kikosi, huo auombe kwa maandishi, ingawa majina yatafichwa. Kwanza achukue nakala ya faili lake: dawa gani, saa ngapi, nani kasaini. Fidia? Tangu sheria ya Disemba 2019 askari anaweza kudai, lakini ndani ya miaka 2. Asikae kungoja ripoti, wallahi itamponza.