Re: Mteja amelipa na M-Pesa lakini oda bado inasema haijalipwa
Boss, hii shida yako ya mteja kukatwa pesa na oda inabaki vile vile nimeikuta kwa saiti nyingi za maduka nilizoitwa kurekebisha, na zingine zina kinyume chake, oda inaandikwa imelipwa hata kabla mtu hajaweka pin. Mzizi ni mmoja. Ukituma STK push (lile ombi linalomtokea mteja kwa simu aweke pin) kwa Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha saiti na M-Pesa, ukarudishiwa ResponseCode 0, hiyo si pesa bado, umeambiwa tu ombi limepokelewa. Habari ya pesa inakuja na kolibeki, yaani ujumbe ambao Daraja inatuma baadaye kwa seva yako kusema malipo yameendaje, na wakati huo mteja pengine ashafunga brauza kitambo.

Sasa, kolibeki haibebi namba ya oda yako. Inabeba CheckoutRequestID, namba ya lile ombi la malipo, kwa hivyo ukipata lile jibu la kwanza iseyv hapo hapo kwa databesi pamoja na oda, usiiweke kwa seshoni ya mteja (kumbukumbu ya muda inayofuata brauza yake) maana kolibeki inatoka seva kwa seva na seshoni haiioni kabisa. Nadhani yako imekwama hapo, vile umesema logi inaonyesha kolibeki imefika lakini hakuna oda iliyopatikana.

Angalia pia unavyoisoma. Malipo yakikubali ResultCode ni 0 na unapata CallbackMetadata yenye kiasi na MpesaReceiptNumber, lakini mtu akikansel (1032) au simu isipopatikana (1037) hiyo CallbackMetadata haipo kabisa, na kodi ya programu yako inayoifungua bila kuuliza inaanguka, oda inabaki inaning'inia. Soma ResultCode kwanza. Halafu jibu 200 (yaani "nimepokea") haraka, mambo ya kutuma imeili na kuprinti risiti yafanyike baadaye. Na MpesaReceiptNumber iwe unique kwa databesi, yaani isiingie mara mbili, ujumbe ule ule ukija mara mbili usimpe mtu mzigo mara mbili.

Seva yako ikiwa chini dakika ambayo kolibeki inakuja, hapo ndo watu hulia. Weka kazi ya cron (inayojiendesha yenyewe kwa ratiba) ipitie oda ambazo hazijajulikana kila baada ya dakika chache iulize kwa STK query, yaani kuuliza Daraja ombi limefika wapi. Ukijibiwa bado inashughulikiwa, iache usiandike imefeli. Hiyo query inasaidia pia kwa usalama, kwa sababu anwani ya kolibeki iko wazi intaneti na mtu yeyote akiijua anaweza kukutumia JSON ya uongo ati amelipa, kwa hivyo linganisha kiasi na oda na uhakikishe kwa kuuliza mwenyewe kabla ya kutoa mzigo.

Mengine ni madogo madogo. Timestamp (tarehe na saa ya ombi) ichukue mara moja tu, ile ile uliyotengenezea password ya ombi ndo utume, ukiita saa mara mbili kuna siku sekunde itaruka na utakataliwa bila kuelewa kwa nini. Namba ya simu igeuze iwe 254 mbele bila alama ya kujumlisha, na usikubali 07 peke yake, kuna watu wa 0110 na wenzake, hao fomu nyingi bado zinawafukuza sijui walikosea nini. Ukitesti kwa laptop, localhost haifikiki kutoka nje, tumia ngrok, programu ya kuifungulia laptop njia ya intaneti, upate anwani ya https.

Ukikwama bado bandika hapa kodi ya kolibeki tuione, lakini toa passkey, ule ufunguo wa siri wa Daraja, kwanza.