Lanthanamu inavaa jezi namba ngapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni afisa ugani huku Muheza, natayarisha kijarida cha wakulima wa machungwa. Nimeandika: "Elementi za ardhi adimu zinacheza nafasi muhimu katika bakteria wanaohusiana na mimea." Mwenzangu anasema "ardhi adimu" ni makosa, niandike "madini adimu". Nani kapatia?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mmegombania kilemba na huku kanzu imechanika nyuma.

Nianze na hicho kilemba. "Adimu" ni la Kiarabu, asili yake kukosekana, na huku Tanga halina ugeni: mtu asipoonekana barazani wiki mbili tunamwambia kaadimika kama wali wa daku. Matata yapo kwenye "ardhi". Wakemia wa zamani wa Ulaya waliita hivyo ungaunga usioyeyuka majini wala kugeuka motoni. Sisi tukalibeba neno, maana tukaiacha bandarini kwao. Mkulima wako akisoma "ardhi adimu" atakuuliza viwanja vya Raskazone vimefika bei gani. Na uadimu wenyewe ni wa jina tu. Katika elementi hizo 17, seriamu imo kwenye gamba la dunia karibu sawa na shaba, hii hii ya nyaya zinazoibwa. Ila zimetawanyika na kuchanganyikana, kuzitenga ni kazi. Wali wa daku hasa: mchele upo tele, wewe ulikuwa umelala. Basi andika "madini adimu". Si kamili, kwa kuwa madini ni jiwe na elementi ni kilichomo ndani yake, lakini magazeti yameshalizoea kwa habari za madini hayo ya Ngualla kule Songwe, nami nimechoka kupigana na magazeti.

Sasa hilo "zinacheza nafasi muhimu". Hapo sikuachii.

Kucheza kuna mahali pake. Ngoma huchezwa, bao huchezwa, mwali huchezwa. Nafasi nayo huchezwa, lakini pale Mkwakwani, Coastal Union wakiwa nyumbani. Mtu wa jukwaani anauliza yule kijana mpya anacheza nafasi gani, anajibiwa beki wa kushoto. Kijana akichechemea, anatolewa. Kocha akinuna, kijana anakaa benchi na chupa yake ya maji, na mama yake jukwaani anamtukana kocha. Hiyo ndiyo nafasi inayochezwa. Lakini siku hizi maziwa yanacheza nafasi katika mifupa, vijana wanacheza nafasi katika taifa, mpaka kwenye tanzia nimesoma marehemu "alicheza nafasi kubwa" msikitini. Msikitini! Neno hili linapendwa kwa sababu moja: linamwachia mwandishi aseme kuwa kitu kinafanya kazi bila yeye kujua ni kazi gani.

Wewe unaijua, na ni tamu kuliko sentensi yako. Likandamize jani kwenye kisahani cha maabara chenye chakula kilichotiwa methanoli, aina ya kileo kisichonyweka, kisha litoe. Baada ya siku chache utaona umbo la jani limejichora kwa vidoa vya rangi ya waridi. Hao ndio bakteria wako, jina lao la kitaalamu Methylobacterium, na kwenye michungwa wamo. Jani linapokua hutanua kuta za seli zake, na methanoli hulitoka kidogo kidogo kwenye vitundu vya kupumulia. Wao huila. Ili waivunje wanahitaji kimeng'enya, yaani kichocheo cha kazi za seli, chenye chembe ya metali katikati. Miaka mingi vitabu vilitaja kalsiamu peke yake. Kuanzia 2011 ikathibitika kuwa kipo kimeng'enya kingine, kinachotumia lanthanamu, seriamu na jamaa zao katika zile 17.

Basi andika: "Lanthanamu humwezesha bakteria kula methanoli itokayo kwenye jani." Umeona? "Muhimu" nayo imejiondokea yenyewe, hakuna aliyeifukuza. Na hao "wanaohusiana na mimea", wanahusiana kwa mama au kwa baba? Sema wakaao majanini.

Najua utakavyonijibu. Utasema bakteria huyo akiipata lanthanamu hukizima kimeng'enya cha kalsiamu akawasha kile kingine, kwa hiyo kalsiamu imetolewa, imekaa benchi. Kijana mmoja wa maabara alishanipiga bao hilo, tena akicheka. Haya. Siku utakapoandika habari za kubadilishana huko, weka "kucheza nafasi" mara moja tu, nami nitageuza uso nitazame bahari.