Commodore 64 halisi au emuleta? Soma hapa kabla hujaagiza

Kila nikiweka picha ya Commodore 64 yangu, kompyuta ya nyumbani ya zamani, wanaoiona huniuliza mambo mawili: naipataje, na kuna haja gani ya kuinunua wakati emuleta, yaani programu inayoiga mashine hiyo kwenye kompyuta ya kisasa, ni ya bure. La pili ndilo la maana. Kwa watu wengi wanaoniuliza, jibu ni kwamba hakuna haja. Mashine ninayo, naipenda sana, na bado nasema hivyo.

Commodore 64 ilitoka Marekani mwaka 1982 ikapata umaarufu mkubwa Ulaya, hasa Ujerumani na Uingereza. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974, kwa hiyo usitegemee kuikuta imefunikwa vumbi kwenye stoo ya mjomba. Utaagiza nje, utalipa usafiri na ushuru, na utakachopokea ni kifaa cha miaka arobaini ambacho hujui kimetunzwaje. Ukiamua kuagiza, chukua ya Ulaya. Umeme wake na mfumo wake wa picha, yaani PAL, vinaendana na vyetu.

Kabla ya hapo, weka emuleta iitwayo VICE kwenye laptopu yako. Fungua programu yake inayoitwa x64sc, ndiyo inayoiga kwa usahihi zaidi. Itatokea skrini ya buluu yenye maneno 38911 BASIC BYTES FREE, na chini yake READY. Andika POKE 53280,0 kisha bonyeza Return: ukingo wote wa skrini unageuka mweusi papo hapo. Umeandika namba moja kwenye anwani moja ya kumbukumbu, na chipu ya picha imetii bila kupitia kwa mtu wa kati. Utamu wa mashine hii uko hapo, na emuleta inakupa bila kupunguza chochote.

Kwa anayetaka kujifunza lugha ya mashine, yaani amri za namba ambazo prosesa inazitekeleza moja kwa moja, naona emuleta inaishinda hata kompyuta yenyewe. Unaisimamisha katikati ya kazi, unachungulia kila baiti, unaona prosesa ya 6510 imefikia amri ipi, kisha unaiendesha hatua kwa hatua. Unahifadhi hali yote ilivyo, na mambo yakiharibika unairudia. Kwenye mashine halisi, programu ikiganda unazima, unawasha, unaanza upya. Diski nzima ya enzi zile ni faili la baiti 174,848, dogo kuliko picha nyingi unazotumiwa kwenye simu, na faili halishiki ukungu.

Wengi huilaumu emuleta bure kwa sababu hawajaipanga. Angalia kwanza mpangilio wa diski. Kisoma diski cha 1541 ni kompyuta kamili, kina prosesa yake na kumbukumbu yake, na michezo mingi ilikitumia hivyo ili ifunguke haraka au izuie kunakiliwa. Usipowasha uigaji kamili wa kisoma diski, michezo hiyo itakwama na utadhani faili ni bovu. Cha pili ni kasi ya skrini. Mashine ya PAL inachora picha takriban 50 kwa sekunde, wakati skrini nyingi za laptopu zinaonyesha 60. Matokeo yake, mandhari inayotembea inashtukashtuka. Kama skrini yako inakubali 50, ibadilishe. Tofauti utaiona bila kuambiwa.

Sauti ni suala gumu kidogo. Chipu ya sauti ya mashine hii, SID, kazi ya mhandisi Bob Yannes, ina sauti tatu na kichujio cha analojia, na kwenye toleo la 6581 vichujio vilitoka kiwandani havifanani. Emuleta inaiga mfano mmoja, na inauiga vizuri mno. Kama wewe ni msikilizaji tu, inatosha. Kama unatunga muziki na unataka mkwaruzo wa chipu fulani, hapo nakuelewa ukitafuta mashine.

Kitu ambacho emuleta imeshindwa kunipa ni mkono. Mashine halisi ikiwa kwenye TV ya chogo, ukisukuma joistiki mhusika anaruka saa hiyo hiyo. Kwenye laptopu, msukumo uleule unapita USB, mfumo wa kompyuta, kadi ya picha, halafu skrini bapa yenye ucheleweshaji wake. Kila kituo kinakula muda kidogo, na mchezo wa kuruka ukingoni unakuonyesha jumla yake. Ndiyo maana nawaambia watu: ukinunua Commodore 64 ukaiunganisha na TV bapa, sehemu kubwa ya ulichokilipia umeiacha dukani. Tafuta na TV ya chogo. Hizo bado zipo kwa mafundi, na mara nyingi bei yake ni ya kuelewana.

Sababu nyingine ya haki ya kununua ni kutaka kuunganisha vitu vyako mwenyewe: kuwasha taa au kuendesha mota kupitia soketi ya nyuma, kushika solda, kubadilisha chipu.

Basi ukifikia huko, mashine ikifika usiiwashe. Adapta zake za zamani zina ugonjwa unaojulikana: kidhibiti cha ndani kikichoka, umeme wa 5V (volti 5) unaolisha mashine unapanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Pima kwa testa kwanza. Ikivuka volti 5.2, iweke adapta pembeni kabisa. Hata ikisoma vizuri ikiwa baridi, inaweza kupanda ikishapata moto, kwa hiyo mimi nanunua adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya Commodore 64. Usiazime ya kifaa kingine, kwa kuwa pamoja na 5V, mashine hii inadai pia 9V ya AC.