Wasomaji Wanauliza: Msitu mdogo, miti imesongamana

SWALI: Nimeonyeshwa msitu wa kupandwa wa hekta 2. Miti ni mirefu, imenyooka na imebanana. Muuzaji anasema wingi huo ndio mali. Nikague nini kabla ya kulipa?

JIBU: Wingi huo ndio unaotutia shaka. Miti isiyopunguzwa hugombea mwanga. Hukimbilia juu huku shina likibaki jembamba na mizizi haba. Usibishane na muuzaji, pima.

Chomeka kigingi ardhini, kifunge kamba ya mita 5.64, zunguka nayo ukihesabu miti iliyo ndani. Duara hilo ni mita za mraba 100, hivyo zidisha kwa 100 upate idadi ya miti kwa hekta. Rudia sehemu 8 hivi, na usichague palipopendeza tu. Kisha pima mzingo wa shina mita 1.3 kutoka ardhini. Gawa kwa 3.14, hicho ndicho kipenyo. Kwa urefu, tafuta kijiti kinacholingana na umbali wa jicho lako hadi ngumi. Kishike wima, mkono umenyooka, urudi nyuma mpaka kijiti kiufunike mti wote. Kwenye tambarare, umbali wako na mti ndio urefu wake.

Gawa urefu kwa kipenyo, vyote kwa mita. Mti wa mita 20 wenye kipenyo cha sentimita 25 hutoa 80: huo umesimama imara. Wenye sentimita 18 hutoa 111, maana yake umesimama kwa kuegemezwa na wenzake. Ukiwakata hao, upepo mkali utaulaza. Bado unaweza kununua, ila kwa bei ya ardhi, si ya mbao, kisha upunguze kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, ukianzia ndani na kuuacha ukingo unaopokea upepo.

Tazama pia uyoga kwenye kitako cha shina, na gonga kwa kisigino cha shoka: mlio wa mvungu ni dalili ya kuoza ndani. Nenda tena baada ya mvua kubwa. Maji yakituama, mizizi haiendi chini, na gari la magogo litazama.

SWALI: Njia ya kuingilia inapita kwa jirani. Muuzaji anasema hajawahi kuzuiwa. Inatosha?

JIBU: Haitoshi. Hakuzuiwa kwa hisani, na jirani anaweza kubadilika, au kuuza. Haki ya kupita iandikwe na isajiliwe, itaje magari ya mizigo na siyo miguu tu. Huko kwenye usajili, uliza pia kama haki ya miti, madini au uwindaji imebaki kwa mtu mwingine, na kama kukata kunahitaji kibali. Halafu tembea mpaka wote na ramani mkononi. Jiwe la mpaka lisipoonekana, mpima ardhi aje kwanza, malipo baadaye.