Vidonge vya kuongeza kinga havikumsaidia baba macho

Juzi kuna msomaji kaniandikia inbox, "Dada, mama ana miaka 71, macho yanafifia katikati, nimpe kitu gani cha kuongeza kinga?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hata mimi nilianza na swali hilohilo na lilinila miezi minane.

Baba alilalamika fremu ya mlango imepinda. Mimi huyo na futi kamba, napima mlango, umenyooka! Nikasema uzee tu, nikamuongezea vidonge. Siku nampeleka kwa daktari wa macho akapewa karatasi ya vimraba yenye nukta katikati, aangalie kwa jicho mojamoja, baba akasema mistari inacheza kama maji. Jicho la kushoto lilikuwa limeshavuja damu chini ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ugonjwa wenyewe unaitwa AMD, yaani kuchakaa kwa makula kwa sababu ya umri.

Kilichoniuma ni kwamba shida haikuwa kinga kulala. Uchafu wa seli unarundikana chini ya makula, kile kisehemu cha katikati ya retina cha kusomea na kutambua sura za watu, kinga inakuja kusafisha ila haijui kuacha, inaunguza mpaka seli zilizo nzima. Wenye fujo hasa ni kundi la protini za kinga linaitwa komplimenti, na tangu 2005 inajulikana kuna watu wanazaliwa na jeni ya CFH yenye breki dhaifu ya kulizuia. Ndo maana dawa mbili zilizopitishwa Marekani 2023 kwa aina kavu ya AMD iliyofika mbali (kuna kavu na ya majimaji) zinaituliza komplimenti, hazichochei kitu! Na hazirudishi uwezo wa kuona, zinapunguza mwendo tu, tena ni sindano ndani ya jicho.

Baba alikuwa na aina ya majimaji, naye sindano, ila za kuzuia vile vimishipa vinavyovuja. La kulia limenusurika, la kushoto tulichelewa, na aliyechelewesha ni mimi.

Kwa hiyo jamani acheni ujuaji. Mzee anavuta sigara? Aache, hapo hakuna mjadala. Vidonge vya lutein na zinki vinachelewesha kwa aliyefika hatua ya kati, sio kila mzee, na mvutaji msimpe vyenye beta-karotini, vinamuongezea hatari ya kansa ya mapafu.

Na wewe dada wa inbox, mzibe mama jicho moja, muonyeshe fremu ya mlango, halafu la pili. Akisema imepinda, usitafute futi. Mpeleke leo.